Dakika Tisa za Kiraka cha Tisa

Iko nchi moja, na msihangaike kuitafuta kwenye ramani kwa sababu wachora ramani walinyimwa viza, ambayo watu wake wanaishi raha mustarehe kuliko sisi sote. Raha hiyo imethibitishwa kwa namba. Kila kitu katika nchi ile kina namba, na kila namba sharti ipande. Lipo daraja lililoitwa Daraja la Kwanza siku lilipozinduliwa, kisha likapandishwa likawa Daraja la Nne, na sasa, ingawa mafuriko yalilisomba miaka sita iliyopita, ni Daraja la Kumi na Mbili.

Namba inapopanda, sherehe hufanyika, na katika kila sherehe kuna Ukimya wa Namba. Watu husimama wima, macho mbele, dakika moja kwa kila namba iliyofikiwa. Mheshimiwa Mkuu, ambaye ndiye mwenye nchi, aliuanzisha mwenyewe ili namba ipate nafasi ya kuwaingia wananchi. Anayekohoa husamehewa. Anayesema neno hufungwa miezi mitatu, na Daraja la Kumi na Mbili lilipozinduliwa bibi mmoja alifungwa kwa kusema "Alhamdulillahi" akidhani dakika zimetimia, kumbe saa yake ilikuwa mbele.

Kompyuta za serikali ya nchi hiyo ziliendeshwa na mfumo uitwao Mkeka. Uliitwa hivyo kwa kuwa ulisukwa na mikono mingi. Mtu yeyote aliruhusiwa kuufungua, kuusoma, na akiona palipochanika kupaziba kisha kuwagawia wengine bure. Kila kilichozibwa kiliitwa kiraka, na kila kiraka kilipewa namba. Serikali ikaupenda Mkeka kuliko mifumo yote. Ndio mfumo pekee ambao namba zake zilipanda zenyewe bila kuundiwa kikosi kazi.

Aliyekuwa akivibandika viraka hivyo kwenye kompyuta za Wizara ya Namba na Mitambo alikuwa binti mmoja, Kidawa, fundi daraja la pili, mwenye shahada nzuri na sauti ndogo. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba kwao, akiwaita kuku waje kula, kuku walisimama wakatazamana. Mkurugenzi wake, Bwana Mabeleke, alizoea kumjibu kabla hajamaliza kusema, maana aliona akisubiri atachelewa chai.

Hadithi yenyewe inaanzia kwenye sherehe ya kiraka cha saba. Kompyuta ya Waziri, Mheshimiwa Dakta Injinia Kasunzu, iliwekwa jukwaani na kuunganishwa na skrini kubwa kama ukuta. Kidawa akabandika kiraka, akaizima, akaiwasha upya. Ukatokea ukurasa wa neno la siri. Watu wakasimama. Dakika saba za ukimya zikaanza.

Dakika ya saba ilipotimia, kabla Waziri hajagusa kitu, ukurasa wa neno la siri ulitoweka wenyewe, na mbele ya mabalozi na watoto wa shule ukatokea mchezo wa karata ambao Waziri alikuwa ameuacha katikati, maana Mkeka ukiwashwa hurudisha kila kilichoachwa wazi.

"Mmeona!" Waziri akapaza sauti. "Mashine imefunguka yenyewe kwa furaha!"

Watu wakazipigia karata makofi.

Kidawa hakupiga makofi. Alirudi ofisini, akakaa mbele ya kompyuta yake mwenyewe, akaiangalia kimya bila kuigusa. Dakika saba zilipopita, ilifunguka. Akajaribu ya jirani. Ikafunguka. Ukiuangalia mlango wa Mkeka dakika saba bila kuandika chochote, mlango ulichoka kusubiri ukakukaribisha ndani. Tundu lile lilikuwa limeingia na kiraka cha saba, na katika nchi ambayo watumishi wengi hukaa mbele ya kompyuta bila kuandika chochote, lilikuwa tundu la hatari.

Kidawa akaandika barua. Alimwandikia mtu aliyekuwa akishona viraka vingi vya Mkeka kuliko mwingine yeyote nchini, Mzee Shekiondo, mwalimu mstaafu wa fizikia aliyeishi milimani na mizinga kumi na mmoja ya nyuki. Alimfundisha Kidawa kidato cha tatu, na ndiye mwalimu pekee aliyewahi kumwambia, "Usipaze sauti, binti. Mimi ndiye nitakayesogea."

Jibu lilikuja siku ya tatu. "Nimelala na aibu, mwanangu, maana tundu nililitoboa mimi mwenyewe. Nimeliziba. Hicho ni kiraka cha nane. Na cha tisa nimekitia humohumo, kwa ajili ya ile saa inayodhani Februari ina siku thelathini. Ukiona lolote usilolielewa, niandikie. Huwa hawaniandikii."

*

Habari kwamba viraka viwili vimefika kwa pamoja zilipokelewa kwa shangwe. Nchi ingeruka kutoka saba hadi tisa bila kukanyaga nane. Mheshimiwa Mkuu alitangaza mwenyewe redioni: "Sasa tuko tisa." Mabango yakachapwa. Mtoto wa kwanza kuzaliwa siku hiyo aliitwa Tisa, na wa pili naye akaitwa Tisa, kwa tahadhari.

Siku ya sherehe, ukumbi ulifurika. Kidawa akavibandika viraka, na skrini kubwa ikaandika kwa herufi nyeupe: *Unatoka kiraka 7 kwenda kiraka 9. Kazi imekamilika.* Akaizima kompyuta, akaiwasha upya, ukurasa wa neno la siri ukatokea, na dakika tisa za ukimya zikapita. Mlango haukufunguka. Ulisubiri dakika ya saba, ya nane, ya tisa, ukabaki umefungwa kama mlango wa mtu mwenye akili zake. Katika ukumbi mzima ni mtu mmoja tu aliyetabasamu, na hakuna aliyemwona.

Waziri akaandika neno lake la siri. Kisha akasoma kwenye kikaratasi amri aliyoandikiwa, ya kuiuliza mashine iko kiraka cha ngapi, akaibonyeza herufi moja moja. Mashine ikajibu:

*Kiini: kiraka 7.*

Bendi, iliyokuwa imeambiwa ianze jibu likitokea, ikaanza.

"Nyamazeni!" Waziri akafoka. Akaiuliza mashine tena. Saba. Akaiuliza mara ya tatu, safari hii akiwa amevua miwani, ikamjibu saba.

"Binti! Njoo hapa. Hii ni nini?"

Kidawa akapanda jukwaani. "Mheshimiwa, hakuna kosa. Kiini ni ile sehemu ya ndani inayoiendesha mashine. Viraka hivi viwili havikukigusa kiini, vimeziba mlango na saa tu. Kiini kinataja namba ya mara ya mwisho kilipoguswa chenyewe. Ni kama nyumba, Mheshimiwa. Ukibadilisha kitasa cha mlango, tarehe iliyochongwa kwenye msingi haibadiliki."

"Anasemaje?" Waziri akamuuliza Mkurugenzi, ingawa Kidawa alikuwa amesimama katikati yao.

Bwana Mabeleke alikuwa amesikia vizuri. Lakini alikuwa pia ameona kamera. "Anasema, Mheshimiwa, kuna mtu ameuchezea msingi."

"Sijasema hivyo, bosi. Kuna amri nyingine, ya kuuliza mashine nzima. Ngoja niwaonyeshe." Akaiandika. *Mfumo: kiraka 9.*

Ukumbi ukashusha pumzi. Waziri hakuishusha yake.

"Kwa hiyo mashine ya serikali ina kauli mbili?"

"Zote ni kweli, Mheshimiwa."

"Binti, mimi niko kwenye wizara hii mwaka wa kumi na moja. Hatujawahi kuwa na kweli mbili kwa siku moja."

"Hata hiyo moja huwa inakuja kwa zamu," mtu wa nyuma akanong'ona, na hadi leo anatafutwa.

*

Jumatatu ikaundwa Tume ya Kutafuta Viraka Viwili Vilivyopotea. Tume ilifanya kazi kwa uadilifu mkubwa. Malori yalipekuliwa mipakani, na dereva mmoja wa lori la nyanya aliandika maelezo ya kurasa nne kwamba hajabeba nane wala tisa, wala hamjui aliyebeba. Mtaalamu wa hesabu wa Tume akashauri kwamba, kwa kuwa kauli moja inasema saba na nyingine tisa, nchi itangazwe kuwa iko nane kwa wastani. Wazo lilipendwa mpaka ilipokumbukwa kwamba mabango yamekwisha kuchapwa. Kompyuta nazo zilibandikwa viraka hivyohivyo mara kumi na saba, na mara zote kumi na saba mashine ikaandika *Kazi imekamilika*, kisha ikaulizwa, ikasema saba.

Ndipo mjumbe mmoja akauliza swali ambalo wenzake walilipongeza baadaye kwa barua. "Hivi viraka huwa vinatoka kwa nani?"

Mzee Shekiondo aliletwa siku ya Jumatano kwa gari lenye king'ora, amevaa sweta, amebeba chupa ya chai ya tangawizi. Aliwaamkia wote, hata dereva wa king'ora.

"Mzee," akaanza Waziri, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume, makamu wake na pia mlalamikaji, "ulitumwa na nani?"

"Na binti mmoja aliyeniandikia barua. Aliniambia mlango haufungi."

"Mlango gani? Hapa tunazungumzia namba."

"Mimi namba sikuzigusa sana, Mheshimiwa. Nilishughulika na mlango."

"Mmesikia! Amekiri kwamba namba hakuzigusa!"

Karani akaandika kwamba mtuhumiwa amekiri.

"Kama shida ni namba tu," Mzee akasema kwa upole, akifungua chupa yake, "si neno gumu. Nitawatengenezea kiraka cha kumi. Nitakigusa kiini kidogo, hata kwa nukta moja, na mashine zenu zote zitasema kumi. Nipeni nusu saa. Kuna mwenye kikombe?"

Mjumbe mmoja akaweka kalamu chini.

"Mheshimiwa Mkuu amesema tisa," Waziri akatamka neno moja moja. "Wewe mzee wa nyuki unataka kumpita?"

Hivyo Mzee Shekiondo akashtakiwa kwa makosa mawili, kuichelewesha nchi kwa viraka viwili na kujaribu kuiwahisha kwa kimoja. Kifungo chake kilikuwa miaka kumi na minne kwa jumla. Kilichobakia ni saini ya fundi, kwa sababu sheria ya nchi ile ni ya haki na haimfungi mtu bila saini ya fundi. Fundi alikuwa Kidawa. Hati ilikuwa na sentensi moja: *Nathibitisha kwamba kiraka cha nane na cha tisa havikuwahi kufika.*

*

Kidawa aliiweka hati ile kwenye droo, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena. Aliyeandika barua ni yeye. Kama asingeiandika, Mzee angekuwa kwake anawafukizia nyuki moshi.

Bwana Mabeleke akaja kuketi ukingoni mwa meza yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Kidawa mdogo wangu. Unampenda yule mzee?"

"Ni mwalimu wangu, bosi."

"Basi mwokoe. Ninyi wasomi mnapenda kuzunguka. Hiyo tisa, si ni maandishi tu pale kwenye kiini? Iandike."

"Ukiiandika kwa mkono, Mkeka unagoma. Unajikagua. Viraka hivi viwili vimeshonwa juu ya kiini cha saba, na vikikuta kiini kinasema tisa havishiki."

"Basi viondoe hivyo viraka vinavyoleta ubishi, halafu uandike tisa. Patakuwa na tisa, hapatakuwa na ubishi."

"Bosi, tukiviondoa, mlango utafunguka. Mtu yeyote akikaa mbele yake dakika saba…"

"Nani ana dakika saba katika serikali hii?" Bwana Mabeleke akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akainama, akashusha sauti. "Tisa ikisoma, hakuna kilichopotea. Kama hakuna kilichopotea, hakuna mwizi. Mzee anarudi kwake. Nakuapia kwa jina la mama yangu."

Kidawa alifikiri siku nzima. Alijua kuwa ni vibaya. Alijua vilevile miaka kumi na minne ni mingi kwa mtu wa miaka sabini na moja. Akaviondoa viraka kwenye kompyuta zote elfu sita, akaandika tisa kwenye kila kiini, akiomba radhi kimyakimya kwa kila moja.

Kesho yake mashine zote zikasema tisa. Tume ikaombewa dua. Kidawa akamfuata Bwana Mabeleke ukumbini, akamuuliza Mzee anaachiwa saa ngapi.

"Ah, hilo." Bwana Mabeleke akatazama viatu vyake. "Waziri anasema viraka vimepatikana kwa juhudi za Tume. Sasa vikipatikana bila aliyeviiba, watu watauliza Tume ilikuwa inamtafuta nani. Mheshimiwa Mkuu anakuja Ijumaa kuiona tisa kwa macho yake. Utasaini mbele yake. Vaa kitu kizuri."

*

Mzee Shekiondo alikuwa amefungiwa kwenye stoo ya mabango ya wizara, ameketi juu ya sita kubwa ya mbao. Kidawa alimpelekea chai na maandazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti hapo kwenye nne, haina msumari."

Hakuketi. Akamwambia yote aliyoyafanya, akitazama sakafu. Alipofika mwisho Mzee alikuwa amelisahau andazi mkononi.

"Umeviondoa vyote?"

"Vyote."

"Mlango uko wazi?"

"Uko wazi, Mwalimu. Nilidhani watakuachia."

Akalitazama lile andazi, akalirudisha kwenye sahani. "Uliniandikia kwa mkono wako niufunge. Nilifurahi siku ile, unajua? Nikamwambia mke wangu, kuna mtu anasoma ninachokiandika."

Kidawa akalia. Hata kulia kwake hakukusikika.

"Basi, basi," Mzee akasema, akimfuta mashavu kwa mkono wa sweta. "Saini hiyo karatasi. Wewe bado mdogo. Mimi huko jela pengine nitakuta kompyuta. Wakiwa na Mkeka nitawazibia. Ila nyuki wangu mtafutie mtu. Asiwe mtu wa makelele."

"Sitasaini."

"Ukikataa watakufunga wewe na mimi wote."

"Najua, Mwalimu."

"Utawaambia nini? Hawakusikii hata ukisema."

Kidawa akafikiri. Akawakumbuka wote walivyosimama ukumbini, wima, macho mbele, midomo imefungwa kwa sheria. Akahesabu kwa vidole, akafika saba, akaendelea mpaka tisa.

"Sitasema kitu," akajibu.

*

Ijumaa Mheshimiwa Mkuu aliingia ukumbini akifuatwa na watu arobaini na kiti chake. Mzee Shekiondo alisimamishwa pembeni kati ya askari wawili. Hati ilikuwa mezani, na kalamu ya dhahabu juu yake.

Waziri Kasunzu akashika kipaza sauti. "Mheshimiwa Mkuu, itifaki imezingatiwa. Walikuwepo watu, sitawataja, ingawa mmoja amesimama pale na sweta, waliotaka nchi hii ibaki saba. Saba! Nawauliza wananchi, watoto wetu wale saba? Wavae saba? Leo tutawasha mashine mbele yako, tutanyamaza kwa heshima, kisha utajionea tisa, na fundi wetu atasaini mbele yako. Wasioamini wataisoma namba!"

Akamwashiria Kidawa. Kidawa akaizima kompyuta ya Waziri, akaiwasha upya. Ukurasa wa neno la siri ukaijaza ile skrini kubwa kama ukuta. Akashuka jukwaani, akasimama karibu na mwalimu wake, mikono nyuma.

Kengele ikalia. Ukimya ukaanza.

Dakika ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, balozi mmoja akakohoa akasamehewa. Ya nne, Mzee Shekiondo akaitazama skrini, akamtazama Kidawa, akaitazama skrini tena, na nyusi zake zikapanda taratibu. Ya sita, Kidawa akaanza kuogopa kwamba labda kuna kompyuta moja aliyoisahau, na labda ndiyo hii.

Dakika ya saba ilipotimia, mlango ulichoka kusubiri.

Safari hii hazikuwa karata. Waziri alikuwa na kazi nyingi wiki ile na alikuwa ameacha waraka wazi. Ukajitandaza ukutani, kila herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza:

*HOTUBA YA KUAPISHWA KWANGU. Rasimu ya kumi na nne. Ndugu wananchi, ni kwa majonzi makubwa, lakini pia kwa unyenyekevu, kwamba napokea kiti hiki kilichoachwa wazi na marehemu mpendwa wetu, ambaye, pamoja na mapungufu yake mengi (yatajwe yote hapa, au yaachwe kwa siku ya arobaini?)…*

Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Sheria ni sheria. Hakuna aliyetamka neno, hakuna aliyesogea. Watu elfu moja na mia mbili walisimama wima, macho mbele, kama ilivyoamriwa, wakisoma. Mheshimiwa Mkuu alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye mabano akarudi mwanzo, akasoma upya. Waziri Kasunzu alikuwa amegeuka rangi ya majivu, mkono wake umenyooka nusu kuelekea kwenye kompyuta, ukabaki hapo hewani, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeongeza kile kifungu cha sheria kinachokataza kusogea.

Kengele ikalia.

"Marehemu gani?" akauliza Mheshimiwa Mkuu.

"Mheshimiwa Mkuu, ule ni… ni mfano tu."

"Mfano wangu?"

Mheshimiwa Mkuu akaigeukia mashine. "Nani ameifungua?"

Bwana Mabeleke alikuwa ameinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

"Hakuna aliyeifungua, Mheshimiwa Mkuu," Kidawa akasema. Ukumbi ulikuwa bado umekufa kimya kwa hofu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe sauti yake ilifika mpaka safu ya mwisho. "Imechoka kusubiri. Lilikuwepo tundu. Mwalimu Shekiondo aliliziba kwa kiraka cha nane, bure, bila kuombwa mara mbili."

"Kiko wapi hicho kiraka?"

"Kiliondolewa ili namba isome tisa. Mimi ndiye niliyekiondoa. Niliagizwa."

"Na mashine ambazo bado zina tundu ni ngapi?"

"Zote elfu sita, Mheshimiwa Mkuu. Zote zinazosema tisa."

"Na kabla hakijaondolewa, zilipokuwa zikisema saba?"

"Zikisema saba hazikufunguka."

Mheshimiwa Mkuu akafumba macho kufikiri, na nchi nzima ikamsubiri. "Kwa hiyo," akasema hatimaye, "saba ni kubwa kuliko tisa."

Kidawa alitaka kumweleza habari ya kiini, na mlango, na kitasa, na tarehe kwenye msingi. Akamtazama mwalimu wake katikati ya wale askari wawili, na sweta lake.

"Kwa leo, ndiyo, Mheshimiwa Mkuu."

*

Mzee Shekiondo aliachiwa siku hiyohiyo, bila kuombwa radhi, kwa kuwa ilikuwa imedhihirika kwamba viraka viwili vilipotea kwenye kompyuta ya Waziri, na Waziri mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake muda wote. Dakta Injinia Kasunzu akahukumiwa kwa wizi wa viraka. Kuhusu hotuba hakushtakiwa, maana kuitaja mahakamani kungelazimu isomwe. Kidawa akaandika barua ndefu kueleza kwamba aliyeviondoa ni yeye, kwa amri ya Bwana Mabeleke. Ilirudishwa na muhuri: *Nafasi ya mkosaji imekwisha jazwa.* Aliyeupiga muhuri huo ni waziri mpya, Mheshimiwa Mabeleke.

Kidawa alivirudisha viraka kwenye kompyuta elfu sita, moja baada ya nyingine, na zote zikasema saba, namba ambayo kwa amri ya serikali ilikuwa sasa inafuata baada ya tisa. Shuleni watoto walifundishwa kuhesabu upya. Wale waliokuwa darasa la saba waliambiwa wamehitimu zamani.

Huko milimani, Mzee Shekiondo aliwakuta nyuki wake salama, akakaa kushona kiraka cha kumi. Akakigusa kiini, kidogo tu, kwa kuongeza ujumbe mfupi ambao ungetokea kila mashine inapowashwa, ili asipatikane tena mtu wa kuchanganyikiwa. Alimtumia Kidawa kwanza ausome.

Kidawa alikibandika kiraka hicho Jumatatu. Sherehe ikafanyika, dakika kumi za ukimya zikapita, na mlango haukufunguka. Katika zile dakika kumi hapakuwa na kingine cha kutazama isipokuwa maneno ya Mzee, makubwa kama ukuta:

*Namba ya kiini isipopanda, maana yake kiini hakikuguswa. Hilo si kosa. Usimfunge mtu.*

Waliusoma wote, tangu mwanzo hadi mwisho, na Mheshimiwa Mabeleke aliusoma mara mbili. Wiki iliyofuata ikaundwa tume ya kumtafuta huyo mtu.